Siku Nyanya Alipopanda Bembea Kubwa na Baba

Enzi zetu, na ninyi mliokulia mpakani mtanishuhudia, mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni. Hakumpa mkono, hakula mbele yake, na wakikaribia kukutana njiani mmoja aliingia vichakani mpaka mwenzake apite. Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Busia, mtu wa maneno mengi, aliyewatania hata askari wa mpakani. Lakini akisikia tu sauti ya Nyanya, mama yake Mama, alitoka mbio na futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Siku moja nilimkuta amejibanza nyuma ya choo, mtu mzima, baba wa watoto watatu! Wajukuu wangu nikiwasimulia haya wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Wanadhani wawili hao walikuwa wamegombana. Wapi! Ile ilikuwa heshima, tena heshima ya kutoa jasho.

Basi miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi, watu wa bembea walikuja Tororo wakapiga kambi kwenye uwanja, chini ya lile jiwe la Tororo, refu kama mlima. Walikuwa na farasi wa mbao wanaozunguka, vigari vya kugongana, na bembea kubwa ya duara iliyopita miti yote kwa urefu. Pembeni walijenga safu ya vyumba vya mabati kwa ajili ya familia zinazotoka mbali. Ukinunua tikiti moja ya familia unapata chumba kwa siku tatu, uji wa asubuhi, na kila mmoja wenu anapanda kila mchezo mara moja. Ilikuwa rahisi, na urahisi wake ulionekana. Vitanda vilikuwa vya kamba, beseni la kuogea lilikuwa moja kwa vyumba vinne, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya huku, chumba cha tatu wanakuambia pole. Kwetu sisi ilikuwa Ulaya. Nilikuwa na miaka tisa, na wiki nzima kabla ya safari sikuhitaji kuamshwa na mtu.

Ambacho Baba hakujua ni kwamba Mama alikuwa amemwalika Nyanya. Nyanya aliishi kijijini Nabuyoga. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshazimika, na la kulia lilikuwa linaingia ukungu, kila msimu zaidi ya msimu uliotangulia. Maisha yake yote alikuwa akiliona jiwe la Tororo kwa mbali akiwa shambani, na alikuwa na usemi wake: "Jiwe hilo linanichungulia tangu nikiwa msichana. Siku moja na mimi nitapanda juu niitazame Nabuyoga yangu." Ila magoti yake hayakuweza tena kupanda jiwe lolote. Mama aliposikia habari za bembea inayompandisha mtu huku amekaa, alijua hiyo ndiyo nafasi, na alijua pia kwamba mwaka ukipita hakutakuwa na jicho la kutazamia. Akapanga mambo yake kimyakimya, akitumaini kupata vyumba viwili.

Vyumba vilikuwa vimejaa. Tukapewa kimoja. Tulipokuwa tunashusha mizigo kutoka kwenye basi, mara tukamwona Nyanya anaingia langoni, ameletwa kwa baiskeli, kapu lake la njugu na samaki mkavu kichwani. Baba aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Tulimsikia nyuma ya mabati akinong'ona kwa ukali: "Mama Nabwire, unataka kuniua? Chumba kimoja! Na mama mkwe!"

Nabwire ndiye mimi. Na kuanzia saa ile nikawa mjumbe. "Nabwire, mwambie baba yako hii siyo nyumba yake, ni nyumba ya mwenye bembea, kwa hiyo sijalala kwa mkwe." "Nabwire, mwambie nyanya yako nimesikia, lakini mimi nalala barazani." Nilikimbia kutoka mlangoni hadi ndani na kurudi, wakati wao wawili walitenganishwa na hatua nne tu na kila mmoja alisikia kila neno. Jioni mvua ikaanza kunyesha barazani. Baba akatoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye kola ya shati, akanunua kitambaa cha marekani mjini, akashona pazia la kukigawa chumba katikati. Lilishonwa vizuri ajabu, na pindo mbili, kana kwamba ni la kanisani. Nyanya alilipapasa upande wake akasema, "Nabwire, mwambie baba yako mkono wake ni mzuri." Kule upande wa pili Baba alikohoa kwa furaha.

Siku ya kwanza tulipanda farasi wa mbao; bembea kubwa tuliiweka akiba ya kesho. Ndugu yangu mdogo alilia aliposhushwa, akidai farasi wake bado hajachoka. Tulikula mandazi ya moto yaliyofungwa kwenye gazeti, wino ukitubaki vidoleni, na tukanywa soda ya machungwa kwa zamu, chupa moja watoto watatu, huku kila mmoja akikodolea macho koo la mwenzake. Siku hizi mtoto unamnunulia soda yake peke yake, anainywa nusu, anasema ina gesi. Gesi! Sisi tulilamba mpaka kifuniko.

Siku ya pili mvua ilinyesha tangu asubuhi, na bembea kubwa haikuzunguka. Nyanya alikaa mlangoni ameegemeza kidevu kwenye fimbo, akisikiliza mvua ikigonga mabati. Hakulalamika. Mama ndiye aliyelia, akijifanya ni moshi wa jiko.

Siku ya tatu jua likatoka, na ikatangazwa kwamba saa kumi na moja jioni bembea itaanza kufunguliwa nati ipelekwe mji mwingine. Kila mtu akaenda kujipanga, na foleni ikazunguka uwanja. Tulifika mbele ikiwa imebaki chini ya nusu saa. Mwenye kuiendesha alikuwa mwanamume mnene mwenye koti la kaki, Kiswahili chake kile chetu cha Tororo. Akamtazama Mama, ambaye tumbo lake lilikuwa la miezi saba, akatikisa kichwa.

"Mama hii na mimba, hapana panda."

"Basi apande mama yangu na mtoto," Mama akasema.

"Kiti moja, lazima watu kubwa mbili, mtoto katikati. Na tikiti ya familia, familia tu. Hiyo ndiyo sheria."

Watu wazima wa familia yetu walikuwa watatu. Mama alikuwa amekataliwa. Alibaki Baba, aliyesimama hatua ishirini nyuma, amegeuzia uso kwenye magari ya kugongana.

Nyanya alisema polepole, "Basi, binti yangu. Twende nyumbani." Akageuza fimbo. Nilimwangalia Baba. Mkono wake ulikuwa shingoni ukiitafuta futi ya kupimia ambayo hakuwa nayo siku hiyo. Halafu akaondoka mbio. Mama akafunika uso. Alidhani amekimbia kama kawaida yake.

Kumbe alikimbilia chumbani. Alirudi na pazia begani, akihema, akanipita bila kutazama kulia wala kushoto. "Nabwire, ingia katikati. Shika hii, uinue juu. Na mwambie nyanya yako aketi upande ule, mimi huu."

Nyanya alisimama kidogo. Kisha akasema kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia: "Mwambie huko juu si ardhi ya mtu. Mila zetu ni za huku chini." Akapanda.

Foleni ililipuka kwa vigelegele. Nikaketi katikati, mikono juu, nimeshika pazia kama nguo ya kuanikwa, Baba kulia, Nyanya kushoto. Chuma kikalia, miguu ikaachana na ardhi, nikaona kichwa cha Mama kinakuwa kidogo, kinakuwa kidogo zaidi. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Tulipofika nusu ya njia upepo wa jiwe ukaja, ukavuta, na mikono ya mtoto wa miaka tisa ni mikono ya mtoto. Pazia likaniponyoka! Likaelea polepole, likatua juu ya mtu wa koti la kaki.

"Baba, limekwenda!" nikapiga kelele.

Baba akafumba macho. Aliyafumba kwa nguvu mpaka mashavu yakapanda, akashika chuma kwa mikono miwili, na hivyo ndivyo alivyofika kileleni. Mpaka leo ukoo wetu umegawanyika: nusu wanasema aliyafumba kwa heshima, nusu wanasema aliogopa kwenda juu. Mimi nilikuwa hapo, na siwezi kuapa.

Kileleni bembea ikasimama, watu wa chini wakipandishwa. Tukabaki tunaning'inia. Nyanya aliinamisha kichwa, akaliweka lile jicho lake moja mbele, akatazama. Kulikuwa na kijani kingi, moshi, njia nyekundu, na mbingu.

"Nabwire, kule ni wapi?"

"Sijui, Nyanya."

Baba, macho yakiwa yamefumbwa, akauliza: "Nabwire, jiwe liko upande gani?"

"Liko nyuma yetu."

"Jua je?"

"Usoni kwetu."

"Basi mwambie nyanya yako atazame kushoto kwa jua. Ile njia nyekundu ndiyo niliyopitisha ng'ombe wa mahari. Akiifuata mpaka inapozama kwenye miti, hapo ndipo kwake."

Sikuhitaji kumwambia. Nyanya alikuwa ameshageuza kichwa. Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikitembea. Alisema anaona migomba yake. Kutoka Tororo, wapi! Lakini nani angembishia? Machozi yalimtoka kwenye macho yote mawili, hata lile lililokufa. Kisha akafanya ambalo hakuwa amelifanya tangu Mama aolewe. Alinipita mimi, mjumbe.

"Baba Nabwire," akasema, "nimeona."

Baba alikuwa analia na macho yake yamefumbwa hivyohivyo.

Tuliposhuka tulipokewa kama timu iliyorudi na kombe. Wanawake tusiowajua walimbeba Nyanya mpaka kwenye chumba chetu. Bila shaka habari ilitangulia Nabuyoga, na Mama akaitwa huko apeleke jogoo wa kusafisha mwiko. Wazee wakauliza: je, mkwe alimwona mama mkwe? Nyanya akajibu, "Yeye alifumba macho. Na mimi jicho langu lilikuwa na kazi nyingine." Wazee walicheka, wakasema hakuna kosa. Jogoo walimla hata hivyo.

Msimu wa pili baada ya hapo jicho lake lilifunga kabisa. Lakini hadi alipotuacha, mtu akimwuliza alivyoiona nchi kutoka juu, alieleza njia ile nyekundu, kona kwa kona, na hakuruhusu mtu amkatize.

Sasa mimi ndiye mama mkwe. Mkwe wangu ni kijana mzuri, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Ananiita "Mum", ananikumbatia langoni, na wakienda kwenye mahoteli yao ya mabwawa na bembea za umeme ananichukua na mimi, ananizungushia mkono begani tupigwe picha. Hajui kukimbilia nyuma ya choo, maskini. Ninafurahi, kweli ninafurahi. Ila picha ikishapigwa anatazama simu, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ningependa kuona nini. Baba yangu hakumpa Nyanya mkono hata siku moja mpaka anazikwa. Alimpa Nabuyoga nzima, huku amefumba macho.