Kuku Aliyevuka Ua

Mervyn Pascoe alifuga kuku tangu siku alipopata nyumba kule Port Kembla, chini ya moshi wa kiwanda cha chuma, na hakuwahi kumla hata mmoja wa kwake. Si kwamba hakula kuku. Kila Pasaka na kila Krismasi alimung'unya mpaka mifupa. Ila alikuwa kuku wa Nunzia, jirani yake Mwitaliano, na Nunzia naye alimla wa Mervyn.

Walianza mwaka ambao watoto wa nyumba zote mbili waliangua kilio mezani wakagoma kumla kuku waliyemwita kwa jina. Nunzia akaja kwenye ua wa waya.

"Jirani, wanao wanamjua kuku wangu kwa jina?"

"Hata hawamjui."

"Basi chukua wangu, nipe wako. Akishavuka ua hana jina, na asiulizwe."

Ikawa sheria. Kuku walipitishwa juu ya waya, na kesho yake yakapita matusi.

"Yule wako alikuwa mgumu kama kiatu cha mgodi!"

"Na wako alinuka kitunguu saumu kabla sijampika, mwanamke wewe!"

Enzi hizo watu walijua wanachokula. Siku hizi wanamfumia kuku sweta na kumpeleka kwa daktari, kisha jioni wanapasha moto mapaja yaliyotoka kwenye plastiki, ya kuku asiyejulikana aliishi wapi wala alikufaje, na wanajiona wana huruma.

Mwisho mkwe wa Nunzia akang'oa waya, akasimamisha ua wa mabati mrefu kuliko mtu. Mwaka uliofuata watoto wa Nunzia wakaamua mama yao ahamie makao ya wazee. Siku ya kuondoka alipitia mlango wa mbele wa Mervyn, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kuku wake Assunta akiwa kwapani.

"Huyu kavuka. Mle," alisema. "Halafu niletee supu ya wako. Kule wanatunywesha maji ya moto yaliyopita karibu na kuku. Na usiniletee kitu cha dukani, Mervyn, nitajua."

"Wangu atachinjwa na nani?"

"Huna mikono?"

Mabati hayaonyeshi ng'ambo. Nunzia hakujua kwamba kuku wa Mervyn walikuwa wameisha, amebaki Bi Meya peke yake. Huyo alikuwa mtetea mweusi, mnene, ambaye kila Jumamosi alimkalia Mervyn juu ya kiatu wakasikiliza pamoja mbio za farasi redioni. Zamani za waya Nunzia alikuwa akipiga kelele, "Mke mdogo kashakaa!"

Mervyn aliwatazama wale kuku wawili wakidonoa pamoja. Angemchinja Assunta, nani angejua? Angejua yeye mwenyewe, pale Nunzia atakapoinua kijiko bila kujua anamla wa kwake.

Asubuhi alipofungua banda, Bi Meya alikuja mwenyewe, akidhani ni mkate. Mervyn akampa mkate kwanza.

"Uniwie radhi, mheshimiwa," alimwambia.

Akamchinja, akamnyonyoa mwenyewe. Akapika kama alivyoelekezwa miaka yote kupitia waya: moto mdogo, kitunguu, karoti, na miguu isitupwe.

Kule makaoni Nunzia alionja, akafumba macho.

"Huyu alikuwa mzee. Lakini alipendwa."

"Hatuulizi."

"Nani kauliza? Nasema tu. Shika kijiko."

"Nimeshakula."

Nunzia akafumbua macho. Tangu amjue, Mervyn hajawahi kukataa supu.

"Umebaki na nani pale nyumbani?"

"Assunta."

"Hukumla? Na sheria?"

"Sheria ilikuwa ya waya, Nunzia. Waya wameung'oa."

Mama yule akatazama bakuli. Kisha akainama, akala taratibu mpaka chini, akanyonya kila mfupa na kuupanga pembeni, asiache hata ukano. Alipomaliza akajifuta mdomo.

"Jumamosi mfungulie redio Assunta," alisema. "Mzito kidogo, lakini kiatu kisikae bure."