Kaburi Nililolichora Kushoto

Siikumbuki nyumba yetu ya Uvira. Jambo hili nimelikana kwa zaidi ya miaka thelathini, mbele ya ndugu, mbele ya padri, na mara moja mbele ya ukumbi wa walimu wa chuo kikuu walionialika nizungumze juu ya kumbukumbu. Walinipigia makofi. Tulipovuka kutoka Kongo kuja Bujumbura, wakati wa vita vya huko, nilikuwa na miaka minne, na kitu pekee nilichobaki nacho ni harufu ya gunia lililolowa. Harufu ya gunia haichoreki.

Kuchora nilifundishwa na sista mmoja katika shule ya wasichana. Alikuwa na utaratibu wake. Alitushusha hadi ufukweni Kibenga, tukaitazama milima ya Kongo robo saa nzima bila kushika kalamu, kisha tukarudi darasani kuichora tukiwa tumeligeuzia dirisha mgongo. Alisema jicho ni vivu. Likiwekewa kitu mbele yake halishiki chochote. Kazi hiyo niliiweza. Nyingine sikuziweza: hesabu zilinishinda, na kwenye mpira wa kikapu nilichaguliwa baada ya msichana aliyefungwa mkono plasta.

Siku moja nilirudi nyumbani Kanyosha na mchoro wa milima ile. Mama alikuwa akichambua maharage. Alijifuta mikono, akaishika karatasi kwa ncha za vidole.

"We mutoto," akasema, "basi unakumbuka."

Ningeweza kumwambia kwamba hiyo ni milima anayoiona mtu yeyote akisimama Kibenga asubuhi, mvua ikishakatika. Sikumwambia. Alikuwa hajawahi kunitazama vile.

Akanitaka nichore kwetu: nyumba, migomba, na kaburi la baba lililokuwa ubavuni mwa nyumba. Baba alikufa kwa homa miezi michache kabla hatujakimbia, kwa hiyo kaburi lilibaki udongo mtupu na msalaba wa vijiti. Nilifuata utaratibu wa sista, ila safari hii nilichokitazama kabla ya kugeuka alikuwa mama mwenyewe. Nilimchokoa kwa maswali, kwa sauti ya mtu anayehakikisha tu analolijua. Kaburi, akasema, lilikuwa upande wa kushoto. Nikaliweka kushoto kwa nyumba, na milima nikaiweka nyuma, kama inavyoonekana kutoka huku kwetu.

Mama aliutazama mchoro hata maharage jikoni yakaanza kuungua.

"Baba yako hakulala huku," akasema.

Kushoto kwake, akaeleza, ni kushoto kwa mtu aliyekaa mlangoni, ameipa milima mgongo na uso uko ziwani. Mimi nilikuwa nimesimama Bujumbura. Kurekebisha kungenigharimu karatasi moja na jioni moja. Lakini anayekosea hivyo ni mtu asiyekumbuka, na mimi nilikuwa nimeshakuwa yule anayekumbuka. Nikamwambia pengine yeye ndiye aliyesahau, kwa kuwa siku zile alikuwa na majonzi. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na nilimwambia kwa upole.

Aliubandika ukutani. Mwanzoni aliupita kwa mashaka. Baada ya mwaka alikuwa akiwaonyesha wageni kwa kidole: unapanda kutoka ziwani, unaifikia nyumba, kaburi liko mkono wako wa kushoto. Niliiona kumbukumbu yake ikitoka taratibu, kama mwenye nyumba anayefukuzwa na mpangaji.

Kisha zikaja habari kwamba watu wa kule wanalima kila mahali pasipo na alama. Nyumba yetu ilikuwa imeshaungua, imebaki mawe ya msingi. Migomba ilikuwa imekwisha na msalaba umeoza. Mama hakuwa na karatasi za kuvuka mpaka, na tangu habari hizo zifike alikuwa hapati usingizi. Mjomba, kaka yake, aliuza vitenge pande zote mbili lakini hakuwahi kufika kwetu. Akachukua saruji, fundi, na mchoro wangu, akavuka kwenda kulijengea kaburi.

Jumamosi tuliingojea simu yake katika duka la mzee mmoja Mwislamu wa Buyenzi, aliyefanya biashara na mjomba. Iliita baada ya sala ya adhuhuri. Mama aliishika mbali kidogo na sikio, kama kitu cha moto, nami nikasikia kila neno. Mjomba alisema wamefika, lakini kuna bibi mmoja, jirani wa zamani, anayeng'ang'ania kwamba kaburi liko upande wa pili, mkono wa kulia ukiwa unapanda. Eti alikuwepo siku ya mazishi. Saruji ilikuwa imeshachanganywa na fundi alikuwa akimtazama.

Mama aliufunika mdomo wa simu kwa kiganja.

"We unasemaje?"

Bibi yule alikuwa akisema yaleyale aliyoniambia mama mwenyewe, mbele ya maharage yanayoungua. Nililijua hilo pale pale.

"Kushoto, mama. Nakumbuka vizuri."

"Mutoto anakumbuka," mama akamwambia mjomba. "Mwaga kushoto. Huyo bibi amezeeka, umusamehe."

Mjomba akasema bibi anauliza jambo lingine: kama ni hivyo, je, wajukuu wake wanaweza kulima huku kulia?

"Apana shida," mama akasema. "Walime."