Kitambaa Kilichofuliwa Columbus

Ilianza Jumanne ya pili ya Machi 2015, saa nane na robo mchana, kipindi cha sayansi, pale mwalimu aliponyanyua kitambaa changu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi ya mgonjwa.

Wiki chache kabla, shuleni alikuja mtafiti aliyewahi kukaa kwenye barafu ya ncha ya kaskazini akipima chembe zinazoelea hewani. Alisema hata kule moshi wa viwanda na magari hufika na kutua juu ya theluji. Akatuachia vitambaa vichache vyeupe vya kunasa chembe hizo, tuvitundike nje. Kwa kuwa ndugu zangu wametawanyika miji mbalimbali, nilipewa vitatu: kimoja chetu hapa Buffalo, kingine nikamtumia shangazi Louisville, kingine mama mdogo Columbus.

Cha Louisville kilirudi kijivu. Cha Columbus, cheupe pe. Chetu kilikuwa cheusi.

"Columbus inakaribia hewa ya ncha ya dunia!" mwalimu akasema. Darasa likapiga makofi. Kisha akanigeukia. "Hiki kimeharibiwa na moshi wa jikoni kwenu. Mnapikia mkaa ndani?"

"Wanachoma mbuzi sebuleni!" mtu akaropoka nyuma. Wakacheka mpaka wakagonga meza. Mwalimu akafuta Buffalo kwenye ramani ya hewa tuliyoichora ubaoni.

Mimi hata kuitikia jina langu ni kazi. Lakini kwetu tuna jiko la gesi! Na kitambaa nilikitundika dirisha la barabarani, malori yanakopita kutwa. Hakuniuliza hata hilo.

Jioni nikampigia mama mdogo, nijue chake alikitundika wapi. Akajibu kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa.

"Inje kabisa, mama. Kikakuwa cheusi! Bon, nikakifua na sabuni, nikapiga pasi."

"Ulikifua?"

"Donc mimi nitume kitu kichafu kwa watu wa masomo? Waseme kwetu hakuna maji?"

Mama alikuwa anasikiliza. Akaninyooshea mwiko. "Usimpeleke mdogo wangu darasani wamcheke."

Nilijifungia bafuni nikalia kwa hasira. Kumbe walipigia makofi sabuni! Moshi wa mji wao, tunaouvuta pamoja nao, wakausingizia sufuria zetu. Na nikitaka kujitetea, lazima nimtoe mama mdogo achekwe?

Asubuhi nilingoja wote wakae, nikasimama.

"Cha Columbus kimefuliwa," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Kimefuliwa na nani?" mwalimu akauliza.

"Aliyefua hahusiki na hewa. Chetu hakijafuliwa, na kwetu tunapikia gesi. Rudisha Buffalo."

Mwalimu akaniambia niketi. Nikabaki nimesimama mpaka alipochukua kalamu akaiendea ramani.