Nyama Isiyoliwa Nyumbani

Mjini kwetu Tseikuru, ng'ombe wa bucha hachinjwi na kila mtu. Huchinjwa na Mwislamu, hata kama mwenye ng'ombe ni mzee wa kanisa na wateja karibu wote watakuwa kanisani Jumapili. Hesabu yake ni rahisi. Mkristo anaweza kula nyama aliyochinja Mwislamu, lakini Mwislamu, kwa jinsi tulivyofundishwa, hawezi kula nyama ya mtu yeyote tu. Basi hutafutwa Mwislamu mmoja, anapewa kisu, na nyama inakuwa ya wote. Hata walokole wakiwa na harusi huita Mwislamu aje achinje, ili mgeni yeyote asikae na sahani tupu.

Sisi ni Wakamba, na Waislamu tangu wakati wa babu ya baba yangu. Nyumba kama yetu zilikuwa chache katika mji ule, kwa hiyo kisu kilikuwa cha baba. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, kikawa changu.

Nilifanya kazi hiyo kulipokucha, mara nne kwa wiki. Slota yenyewe, machinjio ya mji, ilikuwa sakafu ya saruji chini ya paa la mabati, na mfereji mmoja wa damu. Wanaume watatu, wote Wakristo, walimlaza mnyama kwa ubavu wa kushoto na kumshika miguu. Tulimwelekeza kaskazini, upande wa mto Tana, maana kwetu kibla iko huko. Nilitamka maneno, nikakata mara moja, nikasubiri. Mmoja wa wale watatu, mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya yao, alikuwa akiitazama damu, ambayo kwao hujazwa utumboni na kuchomwa, ikienda mferejini kama mtu anayesindikiza jamaa.

"Sheikh, unaona mutura wetu unavyopotea?"

"Mutura wako ni wa motoni," nilimjibu.

"Si huko ndiko huivia?"

Mzaha huo tuliurudia kila wiki na haukuchakaa.

Imani yangu haikuvunjwa na mtu. Hakuna mhubiri aliyenivuta, wala msichana. Nilikuwa na tabia, ambayo ninayo mpaka leo, ya kutaka kukijua kitu kwa kukisoma mwenyewe mpaka mwisho. Nilikuwa nimenunua sokoni Mwingi kitabu kikuukuu cha jiografia ya shule za upili, kisha kamusi, kisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, ambayo niliisoma yote mara mbili nikiandika maswali pembeni. Maswali hayakuniogopesha. Kilichoniogopesha ni kwamba siku moja niligundua kuwa sihitaji tena majibu yake. Nikajiwekea siku arobaini za kusali kwa makini kuliko nilivyowahi kusali, nisikose hata rakaa moja, ili nisije nikajidanganya kwamba ni uvivu. Siku ya arobaini nilikunja mkeka nikajua kwamba nimekuwa nikizungumza peke yangu. Sikufurahi. Niliukunja vizuri, nikauweka mahali pake.

Mtu mmoja tu nilimwambia: dada yangu. Alinizidi miaka minne, alikuwa akifundisha watoto madrasa, na mimi mwenyewe ni yeye aliyenifundisha alifu na bee kwa kijiti cha mtama kwenye mchanga. Tulikuwa uani tukipepeta ndengu.

"Dada, mimi sisali tena."

"Huo ni uvivu. Kila mtu hushikwa."

"Si uvivu. Nainama ili baba anione nikiinama."

Alisimamisha ungo. "Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Na ulifunga?"

"Nilifunga yote. Kukaa na njaa hakuhitaji imani."

Alicheka kidogo, kisha akajuta kucheka. Akauliza kuhusu kisu. Nikamwambia nitakiacha, kwa sababu kuna watu wanakula nyama ile wakiamini jambo fulani kunihusu, na jambo hilo si kweli tena. Nilitaka siku chache tu nitafute sababu ambayo haitamvunja baba.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi iishie kwangu," alisema. "Wallahi, hii nimeizika."

Siku nne baadaye nilikwenda kwa baba nikamwambia kifundo cha mkono kinaniuma, atafute mtu mwingine. Alikuwa amekaa mlangoni mwa bucha akifukuza nzi kwa karatasi.

"Nimtoe wapi? Nimchukue shemasi?"

"Mjomba anaweza kuja kutoka Mwingi."

"Mara nne kwa wiki? Paka mafuta ya kondoo. Watu wameuzoea mkono wako."

Ni kweli kwamba waliuzoea. Siku za mnada walikuja wafanyabiashara wa mifugo, Waislamu wa kutoka mbali, na mmoja wao alinishika bega akaniambia kwamba katika safari yake yote, kwetu ndiko anakokula bila kuuliza. Nilitabasamu. Nimejaribu tangu wakati huo kuipima sehemu yangu ya kosa kwa haki, wala sitaki kuipunguza. Nilijiambia kwamba maneno ni yale yale na kisu ni kile kile. Niliendelea hivyo miezi miwili.

Jambo moja nililiona siku ile lakini sikulitilia maanani: baba hakuuliza ni mkono upi.

Ni wakati huo ambapo maradhi yaliingia nyumbani kwetu. Baba alitangulia. Alisema daktari amemwambia ana gauti, na nyama ni sumu kwake. Wiki iliyofuata meno ya mama yakaanza kumsumbua, hawezi kutafuna. Kisha dada akapata vidonda vya tumbo. Mama aliendelea kupika nyama iliyoletwa kutoka buchani, lakini kwa sufuria ndogo, yangu peke yangu. Wao watatu walikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na kunde, na mimi nikawekewa bakuli langu pembeni.

"Kula, wewe unafanya kazi ya nguvu," mama alisema.

Niliwahurumia. Nilitafuta kitabu cha afya kwa mwalimu mmoja nikasoma kuhusu gauti, nikaona imeandikwa kwamba hata kunde si nzuri sana kwa mgonjwa wa aina hiyo. Nikamweleza baba. Alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho, akasema, "Asante, mwanangu," na jioni akala kunde. Dada nilimletea maziwa ya mbuzi kila Jumamosi, akayanywa huku nikimtazama.

Ikafika Idd ya kuchinja. Mjomba, kaka yake mama, alikuja kutoka Mwingi kwa pikipiki, kanzu imejaa vumbi mpaka kiunoni. Baba alimpa kisu amchinje mbuzi wetu. Alisema ni heshima ya mgeni. Sikuona ajabu, nilipumua kwa kuepushwa. Mama alipika pilau kwa nyama hiyo na nyingine akachoma.

Tulikaa kwenye mkeka kuizunguka sinia. Baba alichukua ubavu. Aliula polepole, akaufyonza mfupa, akachukua mwingine. Mama aliuma paja kwa magego yale yale yaliyokuwa yakimwamsha kwa maumivu, akavuta mpaka nyama ikatoka. Dada, mwenye vidonda vya tumbo, alikwangua ukoko wenye mafuta na pilipili. Walikula kama watu waliotoka safari ya jangwani. Walikuwa wamesahau kuugua.

"Mama," nikasema, "meno yamepona?"

Mikono mitatu ilisimama juu ya sinia. Mkono wa nne, wa mjomba, uliendelea.

"Idd haina ugonjwa," mjomba alisema huku akicheka, maana yeye hakujua lolote. "Mwache dada yangu ale."

Hakuna aliyecheka naye. Dada alikuwa akiutazama wali ulio mbele yake. Ndipo nikaanza kuhesabu kurudi nyuma, wiki kwa wiki: gauti, meno, vidonda, mpaka nikafika kwenye ungo wa ndengu. Kila ugonjwa ulipata mahali pake.

Kesho yake mchana nilimkuta baba buchani peke yake, akilikwangua gogo la kukatia nyama.

"Dada alikwambia lini?"

Hakujifanya hajaelewa. Hilo namshukuru. "Alimwambia mama yako. Mama yako hanifichi kitu."

"Lini?"

"Siku ile ile mlipopepeta ndengu."

"Basi nilipokuomba utafute mtu mwingine, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na wale wa mnadani? Wanaokula hapa bila kuuliza?"

"Watu wanaangalia kofia. Moyo ni kazi ya Mungu kuuangalia." Alikwangua kidogo, akaacha. "Tungemwambia nani? Uliza mji huu kitu kimoja, kesho kiko Mwingi. Ungeishi wapi? Dada yako angeolewa na nani?"

Akaendelea kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

"Nilifikiri lile neno lingekurudisha. Mtu halitamki jina la Mungu kila asubuhi, na damu iko mbele yake, lisimwingie. Nikasema tumwache na kisu. Kisu kitamrudisha."

Nilimwamini. Mpaka leo naamini alisema kweli, au sehemu kubwa ya kweli. Lakini swali lilikuwa limebaki moja tu, nami nikaliuliza.

"Kama uliamini hivyo, mbona hukula?"

Baba alichukua kitambaa, akakikunja mara mbili, akafuta gogo ambalo lilikuwa limeshakauka. Akalifuta tena.

Miezi miwili nilikuwa nimebeba aibu ya mtu anayewadanganya watu wake. Niliamka nayo, nilisimama nayo msikitini bega kwa bega na baba. Kumbe wao walikuwa wamekaa ng'ambo ya uongo wangu wakiutazama. Walikuwa wameukata mkono wangu kutoka kwenye chakula chao na kuuacha uwalishe wengine. Laiti wangenifukuza, ningejua la kufanya. Laiti wangenikemea, ningekemewa. Lakini walinipa nyama yangu kwa upole, wakanisukumia bakuli, wakanishukuru kwa maziwa.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya kuchinja. Baba alikuja slota, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo tena. Ng'ombe alikuwa ameshalazwa, wanaume wameshika miguu. Nilimpa baba kisu.

"Mimi sichinji tena," nikasema.

Yule mwimbaji akainua kichwa.

"Sheikh, kwani umeokoka?"

Wenzake walicheka mpaka ng'ombe akapata nafasi ya kurusha mguu. Baba hakucheka.

"Mkono wake unauma," alisema.

Wote walinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno machache ya kweli mbele ya watu watatu ambao yasingewaudhi hata kidogo. Nilitazama vidole vya baba vikitetemeka kwenye mpini. Nilikwenda upande wa nyuma nikaushika mguu ule uliokuwa umeponyoka, na yule mwimbaji akasogea kunipa nafasi. Kushika mguu hakuna sharti la dini. Baba akatamka maneno, mkono wake ukatulia kama wa kijana, akakata mara moja.

Wafanyabiashara wa mnadani sikuwaambia. Wengine labda wamekufa bila kujua. Hilo ni deni ambalo sina wa kulilipa, na sitafuti njia ya kujisamehe.

Niliondoka wiki ile ile kwenda Makueni, nikakaa Tawa kwanza, kisha Malili, ambako nilijifundisha kutengeneza pampu za visima kwa vitabu na kwa kuharibu. Ndiyo kazi yangu hata sasa. Asubuhi ya kuondoka, dada alikuja mlangoni nikiwa nafunga mzigo. Alisimama bila kuingia.

"Nilimwambia mama kwa sababu niliogopa," alisema. "Niliogopa ufe ukiwa hivyo."

"Uliapa."

"Niliapa."

"Uliapa kwa Mungu, dada."

"Kwa Mungu ambaye umesema hayupo," alinijibu, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Sasa wewe kiapo hicho kinakuuma wapi?"

Nimelitafakari swali hilo kwa miaka mingi, kwa utaratibu, kama ninavyotafakari mashine iliyokataa kuwaka. Jibu ninalo siku hizi. Kiapo chake sikukiamini kwa sababu ya aliyetajwa ndani yake. Nilikiamini kwa sababu ya yeye aliyekuwa akiapa. Siku ile nilifunga mzigo tu.

Hunipigia simu mara moja kwa mwezi, nami hupokea kila mara. Ana watoto wakubwa sasa, na anaendelea kufundisha. Huniuliza kama nimekula, kama kikohozi kimepungua, kama huku ninakoishi mvua imenyesha. Namjibu yote, kwa ukamilifu. Mwaka juzi madaktari walinikuta na uvimbe, nikalala hospitali wiki mbili nisijue kama ni wa kuua au la. Alipiga nikiwa kitandani. Nikamwambia mvua imenyesha vizuri, na ndengu zimeshika maua.