Vigae Juu ya Kaburi

Kazi yangu ni kulitangulia katapila. Barabara ikitaka kupanuliwa, sisi tunapita kwanza kutazama kama kuna malikale njiani: magofu, vyungu vilivyofukiwa, makaburi ya kale. Tunaandika ripoti ya jinsi mradi utakavyoviathiri, kisha mradi unaendelea. Ofisini wananitania kwamba mimi ni mtu wa kuaga maiti. Siwalaumu. Sijawahi kuona barabara ikikunjwa kwa ajili ya jiwe.

Ila kwa kaburi lile la kule Mbagala nilitumaini, na hilo ndilo linaloniuma.

Lilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mjane, kati ya choo na ua wa michongoma. Lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ubavuni lina nakshi iliyofanana na ukindu uliosukwa. Upande wa kichwani palikuwa na tundu la duara ambamo watu wa zamani walipachika bakuli la kaure, na kipande chake cha buluu kilikuwa bado kimeng'ang'ania. Bibi alijua tu kwamba aliyelala pale ni babu wa babu yake.

"Nimeshawaambia wanangu," aliniambia, "mie mnilaze hapa hapa, miguuni pake. Sitaki kwenda kulala na watu nisiowajua."

Nilipiga picha nyingi, nikazipeleka kwa mkubwa wangu, mtaalamu anayetia saini ripoti zetu. Mara hii hakupiga miayo. Alisema atakuja kuliona kwa macho yake, na likiwa kama nilivyosema, ataandika barabara isogezwe upande wa pili, ambako kulikuwa na uwanja wa kufyatulia matofali tu. Nilifurahi kama mtoto. Tukampigia simu mjumbe wa mtaa awaarifu wenyeji kwamba tunakuja.

Sasa, huku kwetu Pwani mgeni hakuti nyumba haijafagiwa. Hata makaburi, Ramadhani ikikaribia, watu huyang'olea majani na kuyapaka chokaa. Mtoto wa kiume wa yule bibi, seremala wa Keko, aliposikia wakubwa wanakuja kumtazama babu, alifanya ambacho mtoto yeyote aliyelelewa vizuri angefanya.

Tulimkuta bibi amejifunga kanga mpya. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatutangulia kwenda nyuma huku anacheka.

"Karibuni, wanangu. Mwoneni babu sasa, kapendeza!"

Kaburi lilikuwa linang'aa. Vigae vyeupe vya maua, vile vya bafuni, kuanzia chini mpaka juu.

"Sista, lilikuwa limechoka lile," mwanawe aliniambia, bado ana simenti kwenye kucha. "Siku ile unalipiga picha, mie niliona mpaka aibu. Nikamleta fundi vigae. Mawe yaliyolegea tukayatoa, tukaweka tofali. Ile michoro nayo tukaigonga, si unajua kigae kinataka ukuta ulionyooka?"

Niliuliza mawe yako wapi. Yalikuwa yametumika kuzibia dimbwi njiani. Na kile kipande cha bakuli? Kilivunjika wakati wa kugonga, wakakifagia.

Garini mkubwa wangu alifungua daftari lake la ripoti. "Niandike nini?" akasema. "Sisi tunalinda kilichopo." Nikamwambia picha ninazo. "Picha ni za kilichokuwepo," akajibu. Nilimchukia siku ile, na nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Ripoti ikasema kaburi la familia, lihamishwe. Siku ya kuhamisha, shehe alisoma dua, mifupa michache ikafungwa kwenye sanda mpya, ikapelekwa kuzikwa mbali, kwenye makaburi ya wote, ambako mtu hazikwi anapotaka bali panapopatikana. Vibarua walibandua vigae kimoja kimoja kwa uangalifu, maana vilikuwa vizima na vinafaa. Kilichobaki katapila lilikichota mara moja.

Baada ya kisomo nilikaa na bibi mkekani, kwenye kibaraza cha nyumba yake, kilichokuwa kimeshawekewa alama ya X nyekundu ya kubomolewa. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya kaburi lilivyokuwa mwanzo, nakshi yake na kipande chake cha buluu, nikidhani itamliwaza.

Aliisogeza simu karibu na macho.

"Hii unayo wewe peke yako?"

"Ipo na kwenye ripoti, bibi. Imehifadhiwa."

Akanishika mkono, akashusha sauti ili mwanawe asisikie.

"Mwanangu, nakuomba uitoe humo. Watu wakiiona watasema hatukumtunza."