Mpishi Aliyebaki na Kusikia

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, na dirisha la jikoni tayari limetoka jasho. Nje ukungu umeshuka mpaka kwenye kamba za nguo. Nyumba ya jirani haionekani, inasikika tu: mlango, kikohozi, ndoo. Ndani, mwanamke wa miaka hamsini na minane amekaa kwenye kigoda, sweta mbili mwilini, macho ameyafumba, sikio ameliinamishia sufuria ya lita kumi na tano.

"Nyamazeni," anasema. "Bado inagomba. Ngojeni ishuke, inong'one."

Anachota majivu na kuyamwaga juu ya makaa ili moto ulale. Mlio wa supu unapungua, unapungua, mpaka unabaki mdogo kama wa watu wawili wanaoongea chumba cha pili. Hapo tu ndipo anafumbua macho.

Mtaani wanamwita Bi Mnong'ono. Jina limetokana na kauli yake hiyo ya jikoni, kwamba supu ya msimu wa baridi haichemshwi, inanong'onezwa.

"Wanaohamia hapa wanadhani mimi ni mbeya," anasema na kucheka. "Wanaanza kunificha mambo yao. Wakishaonja supu wananieleza yote."

Kwa miaka ishirini na miwili alipika katika jiko la hospitali. Alipostaafu alidhani atapumzika, lakini baridi ya kwanza ilipoingia akagundua kwamba wazee wa mtaa walikuwa wakiishi kwa chai na mkate, toka asubuhi mpaka jioni.

"Chai inapasha mdomo, mwili unabaki na njaa yake," anasema. "Mzee akiona baridi anajikunja, hasikii kiu, hasikii njaa. Ukimwona kimya unadhani amesinzia, kumbe anaisha pole pole."

Akaanza na mabakuli matatu. Sasa anapikia nyumba kumi na moja, kila siku, kwa miezi minne ya baridi. Maharage na dengu hulowekwa tangu jana yake. Mifupa hutangulia, karoti na boga hupitishwa kwenye mafuta kwanza, na majani mabichi huingia mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshateremshwa, "yasije yakafa." Kila nyumba huchangia inachoweza, na ipo inayochangia viazi vitatu na shukrani nyingi.

Lakini mpishi mwenyewe haonji. Miezi kumi na minne iliyopita mafua makali yalimlaza wiki tatu, na alipoinuka harufu zote zilikuwa zimeondoka, na ladha zimezifuata. Tangawizi ikawa moto mtupu ulimini. Kitunguu kikawa maji. Daktari alimwambia huenda vikarudi, huenda visirudi.

"Kiswahili nacho kina utani," anasema. "Si tunasema kusikia harufu? Basi mimi nimebaki na kusikia, harufu ndiyo imekwenda zake."

Ndotoni hurudi. Huota yuko jikoni kwa marehemu mama yake, kitunguu kinageuka rangi kwenye mafuta, na harufu inamzunguka mpaka machozi yanamtoka. Akiamka machozi yapo, harufu haipo. Hukaa kitandani kwa muda akitamani usingizi umrudishe. Inamuuma, na haoni haya kusema kwamba inamuuma.

Aliogopa kumwambia mtu. Nani angekubali supu ya mpishi asiye na pua? Aliyejua ni mumewe peke yake, fundi saa, ambaye akawa ndiye ulimi wake. Tatizo ni kwamba fundi huyu huyatoa maneno kwa kuyapima.

"Huyu baba watoto ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu 'ndiyo'," anasema Bi Mnong'ono. Mumewe, aliyeinamia saa ya mteja pembeni ya meza, anatabasamu bila kuinua kichwa.

Mwanzoni mwa baridi hii, asubuhi moja, alimpa kijiko cha supu akamuuliza, "Chumvi?"

"Kidogo," akajibu fundi saa, akarudi kwenye kazi yake.

Yeye alikuwa na maana kwamba imezidi kidogo, asiongeze tena. Mkewe akasikia kwamba ni kidogo, haijatosha. Akatia kijiko kizima, akamwita aonje tena.

"Kidogo," akasema fundi, safari hii uso umemkunjamana. Kijiko cha pili kikaingia.

"Mara ya pili ilikuwa imezidi sana," anakiri fundi saa, na hiyo ndiyo sentensi yake ndefu kuliko zote asubuhi hii. "Niliogopa kumvunja moyo."

Mchana mabakuli yakarudi. Kumi yalikuwa yamejaa, yamefunikwa kwa adabu, na hakuna aliyesema neno. Moja tu lilirudi tupu, limefutwa mpaka linang'aa. Lilikuwa la Mwalimu, mstaafu wa miaka sabini na tisa, mtu wa presha aliyekatazwa chumvi. Mwalimu alilelewa akijua kwamba chakula cha mtu hakirudishwi, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wengine maisha yake yote.

Jioni binti yake alisimama mlangoni kwa Bi Mnong'ono. "Mama, baba kichwa kinamgonga, anasikia kizunguzungu. Supu ya leo ilikuwa chumvi tupu, na ameimaliza yote."

"Miaka yote ile hospitalini sijamdhuru mgonjwa," anasimulia mpishi. "Leo hii nije kumdhuru Mwalimu, tena kwa supu!"

Dawa na mapumziko ya siku mbili yaliishusha presha. Siku ya tatu Bi Mnong'ono alitoka kwenda nyumba zote kumi na moja kusema ukweli, akianzia kwa Mwalimu. Alikuwa ameshaamua kwamba akimaliza, sufuria kubwa inapanda juu ya kabati na haishuki tena.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kukuomba radhi. Sina pua. Sisikii harufu wala ladha, mwaka umepita. Nimekuwa nawapikia gizani."

"Marahaba, binti yangu. Na anayeonja ni nani?"

"Mzee wangu. Na maneno yake unayajua."

Mwalimu akaangua kicheko mpaka binti yake akatoka chumbani kuja kuangalia kuna nini.

"Wewe huna pua, mumeo hana maneno, mimi sina meno," akasema. "Tukiungana watatu tunapata mtu mzima mmoja. Kesho nakuja na kijiko changu."

Akaja kweli, na tangu siku hiyo huja kila asubuhi, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Chumvi sasa haiingii sufuriani kabisa. Kila nyumba hujitilia yake. Na kwenye mlango wa kabati Mwalimu aliandika kwa chaki sheria ambayo hakuna anayeruhusiwa kuifuta: Atakayesema "kidogo" aulizwe, "kidogo gani?"

Nyumba moja iliacha kuleta bakuli kwa wiki mbili. Kisha bakuli likarudi bila maelezo, na mpishi hakuuliza.

Baridi ijayo anataka kuwafundisha wanawake watano wa mtaa wa pili kupika kwa sikio, ili na huko wazee wasiishi kwa chai. Sufuria ameshaazima. Lakini lipo analolitaka zaidi ya hilo, na kila siku hulitafuta kwa namna ile ile. Huponda tangawizi, huiweka kiganjani na kuivuta kwa pua. Mumewe humuuliza, "Leo?" Naye hujibu, "Bado." Wamefanya hivyo zaidi ya mara mia nne.

Ukungu wa nje umeanza kuwa mweupe. Bi Mnong'ono anaponda tangawizi, anafumba macho, anavuta pumzi. Mwalimu ametulia na kijiko chake mkononi. Fundi saa ameweka bisibisi chini.

"Leo?"

Anavuta tena, pole pole, mabega yakipanda ndani ya sweta zake mbili. Supu inanong'ona.

"Kidogo," anasema.

Fundi saa anasimama. "Kidogo gani?"

Machozi yanamtoka mkewe, na kiganja bado kiko puani.

"Kidogo cha kuanzia."