Mwalimu Anayetafuta ng' kwa Kidole

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mwalimu wa Darasa la Pili ameinama mbele ya dawati la kwanza. Kidole chake cha shahada kiko juu ya pua ya mtoto wa kike. Vidole viwili vya mkono wa pili vimegusa koo la mtoto huyo.

"Sema ngoma."

"Ngoma."

"Sasa sema ng'ombe. Taratibu, mwanangu, hatukimbizwi."

"Ng'ombe."

Mwalimu anafumba macho kama mtu anayepima homa. Kisha anafungua daftari la mtoto, anakata alama ya zamani ya vema kwa mstari mmoja na kuweka mpya pembeni. Mtoto anarudi kukaa akijifuta pua, maana kidole kilikuwa na chaki.

Mwezi huu Darasa la Pili linajifunza ng na ng'. Ubaoni kuna safu mbili: ngoma, ngazi na ngozi upande huu, ng'ombe, ng'oa na ng'ambo upande ule. Ile alama ndogo ya juu, ritifaa, watoto wameipa jina lao: king'ang'anizi, kwa sababu imeng'ang'ania hewani na haianguki.

"Ng' hubaki puani," mwalimu anaeleza. "Ng huanzia puani, halafu koo linashtuka. Zamani nilisikia tofauti. Siku hizi napapasa."

Masikio yake yanakufa. Miaka miwili iliyopita kikohozi kilimwangusha. Darasa lake lina watoto 87 na madirisha mawili, moja halifunguki. Hospitali ilikuta kifua kikuu, cha aina isiyokubali vidonge vya kawaida, na akachomwa sindano kila siku kwa miezi sita. Kifua kikapona. Masikio yakaanza kuvuma, kisha sauti zikampotea moja moja: ndege, kengele ya baiskeli, birika likichemka.

Siku moja ofisini hakuitikia salamu. Mwalimu mwenzake akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa," na wengine wakacheka.

"Nikamwambia, langu lilisikia dawa, na dawa ndiyo iliyoliua," anasema.

Tangu siku hiyo, mwenzake huyo huwahi ofisini na kusogeza kiti cha mwalimu mpaka ukutani, ili yeyote anayezungumza awe mbele yake.

Kifaa cha kusaidia kusikia kinauzwa kwa mishahara yake mitano. Aliwahi kwenda kukitazama. "Ni kidogo kama harage, bei yake kama ya ng'ombe wawili," anasema.

Kwa wazazi na kwa mwalimu mkuu aliificha hali yake kwa kusoma midomo, mpaka alipokuja bibi mmoja, daftari la mjukuu likiwa kwapani.

"Mwalimu, mimi shule sikumaliza," bibi alimwambia. "Lakini huyu mtoto akisoma ng'ombe, ng' yake anaitamka kama ya ngoma. Nikimrekebisha ananionyesha vema yako. Ananiambia, bibi, wewe hujui. Nimsadiki nani?"

Mwalimu alimwomba mtoto asome tena. Midomo ikacheza sawasawa, naye akaona mtoto yuko sahihi. Bibi akatikisa kichwa.

"Hakunipayukia," anakumbuka. "Alisogea karibu na sikio langu akasema, basi tufundishane, mwanangu. Ni afadhali angenitukana."

Mchana ule aliyafungua madaftari yote 87. "Vema zangu zilijaa kila ukurasa, na sijui ipi ni ya kweli. Mtoto akikosea nikampa vema, nimemfundisha kosa kwa mkono wangu mwenyewe."

Akaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu na kumwambia kila kitu.

Ijumaa ijayo mkaguzi atakuja. Watoto watasoma wakiwa wameziba midomo kwa vitabu, na mwalimu atatakiwa kutaja aliyekosea. Akishindwa, atatolewa darasani akatunze ghala la vitabu.

"Nikiulizwa mwalimu wangu bora ni nani, nitamtaja yeye," anasema mwalimu mkuu. "Lakini watoto themanini na saba nao ni wa watu."

Watoto wana mpango wao. Msichana wa dawati la kwanza, ambaye ndiye mjukuu wa yule bibi, anaueleza kwa kunong'ona ingawa hakuna haja. "Mtu akikosea, sisi tunakuna sikio. Mwalimu akituona atajua."

Mwalimu aligundua walipokuwa wakifanya mazoezi, darasa zima likijikuna kama lenye upele. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawakataza.

"Niliwaambia asanteni, wanangu. Lakini mkaguzi ataondoka, na ninyi mtabaki na kosa."

Hategemei kushinda siku hiyo. Alichojiwekea ni kumrudia kila mtoto kwa kidole, mmoja mmoja, kabla mkaguzi hajafika. Wengine huhitaji mara mbili au tatu. Mjukuu wa bibi amefaulu leo, mara ya tatu. Watoto wenyewe wanasema mwalimu naye ni king'ang'anizi.

Hadi jana alikuwa amemaliza 52. Wamebaki 35, na siku za kazi kabla ya mkaguzi ni tano ukihesabu leo, Ijumaa.

"Saba kwa siku," anasema. "Nikiwamaliza hao, hata wakinipeleka ghalani nitakwenda. Vitabu navyo havisikii, tutaelewana."

Nyuma yake mtoto wa pili wa leo amesimama na daftari. Anaita, "Mwalimu." Anasubiri, anaita tena. Kisha anazunguka mpaka mbele, anaushika mkono wa mwalimu, na kukiweka kidole cha mwalimu juu ya pua yake mwenyewe.